Kilima Ambacho Hakuna Aliyekipiga Picha

Sidonie alianza kupiga picha akiwa na miaka kumi na tisa, katika studio ya kaka yake Bruno, kando ya mto Mulongwe. Sasa ana miaka hamsini na minne, na bado watu wa Uvira wanaotaka picha ya pasipoti isiyowafanya wafanane na wafungwa humwendea yeye.

Ukitaka kumfurahisha, mwulize habari za siku za soko za zamani. Wafugaji wa Rurambo na vijiji vingine vya mlimani walishuka kwa miguu tangu alfajiri. Walipomaliza kuuza siagi na ng'ombe, walipitia studio. Waliosha miguu kwa maji ya ndoo, wakavaa viatu walivyokuwa wamevibeba mkononi, wakasimama wima mbele ya kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji, miti yenye ncha isiyoota Kongo, na nyumba yenye theluji juu ya paa. Sidonie alijua majina yao, na alijua nani alifunga macho kila mara. Mafuriko ya mwaka 2020 yalibeba kitambaa, filamu zote, hata mlango. Tangu hapo anafanyia kazi sebuleni kwake, mtaa wa Songo.

Siku ya Jumanne moja ya Novemba, jirani yake Mama Umutesi aliingia bila kupiga hodi. Yeye ni mjane wa Rwabuhihi, aliyeshuka kutoka Rurambo wakati wa vita na hakupanda tena. Binti yake alikuwa amemwita Kanada. Safari ilikuwa Ijumaa.

"Ya kwetu niko na foto moja tu," alisema, akaitoa ndani ya Biblia. Pichani walikuwa yeye na Rwabuhihi, wakiwa vijana, mbele ya ile nyumba ya theluji. "Bajukuu banauliza kama ni hapa tuliishi."

"Ukabajibu nini?"

"Nilibaambia nyumba yetu haikukuwaka na unga juu ya paa."

Walicheka mpaka Sidonie akaketi. Kisha aliitazama tena ile picha. Kwa miaka thelathini alikuwa amewapiga picha watu wa mlimani, na mlima wenyewe hakuwahi kuupiga. Walitoka mahali pazuri vile, wakatembea tangu alfajiri, ili wasimame mbele ya uongo uliochorwa.

"Nipigie kilima chetu, Ma Sidonie," Umutesi alisema. "Ile saa ndama zinarudiaka nyumbani. Kinang'aaka kama kimepakwa siagi. Kama sikukibeba, bale batoto batajua tu huu unga."

Jumatano asubuhi Sidonie alipanda nyuma ya pikipiki ya Chadrack, dereva aliyezoea njia za juu. Waliacha barabara ya bonde, wakaanza kupanda. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo, na mara tatu ilibidi ateremke asukume, kamera ikiwa imefungwa kifuani kama mtoto mchanga. Nyuma yao bonde la Ruzizi lilifunguka polepole, halafu ziwa, halafu milima ya Burundi.

Saa nane walifika kwenye kona inayotazamana na kilima cha Rwabuhihi. Hakikuonekana. Ukungu ulikuwa umelijaza bonde lote dogo lililo katikati.

Walingoja. Saa tisa ikapita.

"Ma Sidonie, hii jua unaingojea kama mushahara ya serikali," Chadrack alisema.

"Nyamaza, weye. Mushahara haikujaka. Jua itakuja."

"Na giza pia. Hii njia siishukake na giza, hata uniimbie."

Mchungaji mmoja alitokea na ng'ombe wake, mzee mwenye koti refu na kofia. Alimtazama Sidonie kwa muda mrefu.

"Weye si ule wa studio ya Mulongwe? Minye ni Ndahiro. Ulinigombeza juu ya kufunga macho."

"Ulifunga mara nne, Papa Ndahiro!"

"Na leo kitambaa chenye maji umekiacha wapi?"

Alipoelezwa, aliacha mzaha. Aliwaonyesha kwa fimbo mahali nyumba ya Rwabuhihi ilipokuwa, nyuma ya ukungu, upande wa pili wa kilima. Sidonie aliuliza kama angeweza kufika huko, maana alitaka kupiga picha kutoka uani, jinsi familia ilivyozoea kukiona kilima. Ndahiro alitikisa kichwa. Kijito kilikuwa kimejaa, na kuzunguka ni saa nzima; wangerudi na giza.

Saa kumi na nusu, upepo ukasukuma ukungu. Jua lilipenya pengo la milima nyuma yao na kilima kikawaka chote, nyasi zake, migomba yake, vijia vyake vyekundu. Chini, ndama walikuwa wakipanda kwa mstari. Sidonie alitamani kukimbilia upande wa pili, lakini miguu yake ilijua hesabu. Alipiga kutoka barabarani. Alipiga mara kumi na moja. Alipoinua kamera kwa mara ya kumi na mbili, ukungu ulikuwa umerudi, na hapakuwa tena na kitu cha kupiga.

Walishuka kabla giza halijaingia. Sidonie alihisi amepiga kilima cha mpita njia, si cha Umutesi.

Alhamisi alasiri alipeleka picha, kubwa kama sinia. Umutesi aliiweka magotini, akaiinamia.

"Nisamehe, dada," Sidonie alisema. "Ni ya upande wa barabara. Kwenu sikufikaka."

"Naona," alijibu Umutesi. Alipitisha kidole kwenye kijia chekundu, kutoka chini hadi juu. "Ni hapa balinipitisha siku ya ndoa. Nilitoka kwa mama yangu ninalia. Balisema, 'Inua macho, uone kwenu.' Sikuinua."

Alisogeza kiti chake hadi mlangoni, penye mwanga zaidi, akaanza kukitazama kilima.