Boma Dogo la Maximiliana

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, mdogo wangu Maximiliana aliachishwa uchapaji kwenye chama cha ushirika. Akanunua kompyuta kuukuu, akafungua kibanda cha uchapaji hapa Bariadi. Mashimba, mwenye kompyuta mpya ng'ambo ya barabara, akamcheka mbele ya wateja. Nilikuwepo, sikuhadithiwa.

"Shangazi, kumbukumbu ya mashine yako ni ndogo mno. Fugia kuku humo!"

"Nisikilize, mwana wa Masunga. Boma la baba yetu lilikuwa dogo. Ng'ombe wa kukamuliwa walibaki nyumbani, mitamba ikapelekwa kwa mjomba kule Mwandoya. Tulikosa maziwa?"

"Hamkukosa," Mashimba akajibu.

"Basi mfumo unaoendesha kompyuta nao hupima boma lake, yaani kumbukumbu. Lako pana, kazi zote zinakaa ndani. Langu finyu, kwa hiyo kazi ninayoichapa inabaki karibu, zilizolala zinapelekwa kwenye diski. Nikizitaka, zinarudishwa."

"Zinachelewa!"

"Hata Mwandoya ni mbali, na maziwa hatukukosa. Sifungi kibanda!"

Wateja wengine walimfuata Mashimba. Mwalimu Monika alibaki, akakaa kwenye benchi. Mashine ikakoroma, ikasita, lakini mtihani wake ukatoka wote. Kesho yake Maximiliana alifungua kibanda kabla ya Mashimba.