Jibu la Pole

Muthama wa mtaa wa Tena, Nairobi, alikuwa tarishi, na kama humjui tarishi wa Industrial Area, ni yule unayemwona akipenya kati ya malori kwa baiskeli nyeusi, bahasha za kiwanda zimefungwa kwa mpira kwenye keria, na mguu mmoja wa suruali umebanwa kwa kibanio cha nguo. Mkewe Ndinda hakuchoka kumcheka. "Wewe unazungukazunguka tu hapo Mukuru kwa Reuben," angemwambia. "Hizo maili zako ukizinyoosha, si ungekuwa ushafika Tanzania kitambo?"

Basi Ndinda akafa. Homa iliingia kama mchezo, ikamchukua. Na Muthama hakulia. Hakulia hospitalini, hakulia kwenye matanga, hakulia kijijini Masii walipomzika. Usidhani alikuwa akijikaza kiume. Machozi hayakuwepo. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu.

Lakini jambo lililoharibu mambo kabisa lilitokea siku ya matanga. Munyoki, mwenzake wa kiwandani, aliingia akamshika mkono. Na sisi watu wa mitaa ya Eastlands mnatujua: hata nyumba ikiwaka moto, ukikutana na mtu mlangoni ni "Sasa?" kwanza. Munyoki akasema kwa mazoea, "Sasa, Baba Mueni?" Nao mdomo wa Muthama, uliojibu hivyo tangu ujana wake, ukajibu, "Poa."

Loo! Koki, mdogo wake marehemu, alikuwa akimimina chai. Aliweka birika chini. "Poa? Shemeji, dada yangu yuko mochari na wewe uko poa? Kwani hukumpenda?"

Watu wakainamisha vichwa.

Baada ya mazishi Koki alimchukua Mueni, binti yao wa darasa la pili, akaenda kukaa naye Buruburu. "Mtoto analia kila siku," alisema akiwa mlangoni na begi la mtoto. "Hapa kwako atalia na nani?" Muthama hakubisha. Hicho ndicho kitu pekee kilichomtisha, tena kwa mbali sana: kwamba hakubisha. Labda Koki alisema kweli. Labda hakumpenda mke wake.

Akaomba likizo, akapandisha baiskeli juu ya basi, akashukia Namanga. Kwa nini? Ndinda alitaja Tanzania, basi yeye huyo, Tanzania. Alilala upande wa Kenya, na asubuhi akavuka mpaka akiikokota.

Afisa wa ng'ambo aligonga muhuri, akamtazama, akaitazama baiskeli. "Peke yako? Mpaka Arusha?"

"Eeh."

"Pole sana, bwana."

Muthama akashtuka. Nani amemwambia?

Haki ya Mungu, usimcheke. Tangu Ndinda afe, neno hilo lilikuwa na maana moja tu masikioni mwake. Pole ya majirani, pole ya kanisani, pole ya msimamizi wa kiwanda huku jicho liko kwenye saa. Na Nairobi watu hawagawi pole ovyo. Mpaka uibiwe, uvunjike mguu au ufiwe. "Asante," akasema, akapanda baiskeli.

Nchi ilikuwa kavu, mlima wa Longido uko mbele, upepo unampiga usoni. Twiga walisimama karibu na barabara wakimtazama, akawapita jinsi anavyopita ukuta wa kiwanda. Miguu ilikanyaga kwa sababu imezoea kukanyaga. Mzee mwenye mbuzi akampungia fimbo, "Pole, kijana!" Akajibu asante. Wafanyakazi wa barabara wakainua sururu zao, "Pole! Pole, bwana!" Asante. Akaanza kufikiri kwamba huenda msiba uko usoni mwake, umeandikwa mahali ambapo Koki hakupaona. Akajipapasa shavu. Vumbi na jasho tu.

Jua lilipokuwa utosini aliingia Longido, akaegemeza baiskeli kwenye mgahawa wa mabati wa mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Lenah.

"Nipe chai," akasema Muthama.

"Nipe!" Mama Lenah akaangua kicheko. "Huyo Mkenya, wala haulizwi. Sema 'naomba,' kaka, chai haikimbii." Lakini alipoliona shati lililoganda mgongoni kwa jasho, akaacha utani. Akamfutia benchi. "Pole, kaka. Pole sana. Pole jamani."

Naye akajibu kama alivyowajibu wote waliokuja nyumbani kwake Tena. "Asante, mama. Tulishamzika. Alikuwa anaitwa Ndinda."

Kitambaa kikasimama juu ya benchi. "Mmemzika nani?"

"Mke wangu. Si ndiye mnayenipa pole yake? Tangu Namanga mnanipa pole."

"Maskini!" Mama Lenah akakaa. "Kaka yangu, sisi hatukujua. Hiyo ni pole ya jua. Pole ya baiskeli. Huku kwetu mtu akitoka safari anapewa pole, akitoka shambani anapewa pole, hata akitoka kuchota maji."

"Kumbe," akasema Muthama. Aibu ikampanda. Akatafuta neno la kujiokoa, akauliza, "Na yeye anajibu nini?"

"Anajibu, 'Asante, nimeshapoa.' Maana yake uchovu umekwisha, nimetulia."

Poa tena. Neno lake mwenyewe, alilolitawanya kutoka Tena mpaka Industrial Area, asubuhi na jioni, bila kulitazama. Akaona si kazi, mdomo umelizoea. "Asante," akasema. "Nime..." Likakwama. Akaanza upya, likakwama pale pale.

"Mama," akasema, "mimi sijapoa. Sijapoa hata kidogo."

Ndipo akalia. Ganzi ikiondoka huuma kuliko ilipokuwepo, kila aliyekalia mguu anajua, na Muthama aliumwa. Alimlia Ndinda kwa sauti, mbele ya mtu asiyemjua, katika nchi isiyo yake. Alimpenda. Mama Lenah akarudishia mlango, akawaambia wateja wa nje kwamba chai imekwisha, na huku sufuria inachemka nyuma yake.

Safari ile ya Arusha iliishia pale Longido. Kesho yake aliigeuza baiskeli, akarudi Namanga, akatafuta basi.

Buruburu alimkuta Koki mlangoni. Koki hakumkaribisha. Alisimama kati ya mlango na nyumba, mikono kifuani.

"Sasa, shemeji?" akauliza kwa kejeli.

"Sijapoa, Koki."

Koki akamwangalia usoni. Kisha akasogea kando, akaita ndani, "Mueni! Njoo, baba amekuja."