Maziwa ya Waliokataliwa

Nyumba ya Aron pale Kimulot ilikuwa na kila kitu isipokuwa Aron mwenyewe. Vyumba vitatu, choo cha ndani, madirisha makubwa ya kutazama majani chai mpaka yanapopakana na msitu. Aliijenga akiwa bado kapera, eti atakuwa anakuja kila likizo. Kisha akaoa Nairobi, akapata watoto wanaoogopa ng'ombe, na likizo zote zikaishia Mombasa. Mwaka wa tisini na sita akaamua nyumba isikae bure, ikodishwe wikendi kwa watu wanaotaka kupumzika. Wa kuitunza ni nani? Mama, bila shaka. Chepkemboi, mjane, ambaye analala kwenye kijumba chake cha udongo cha jikoni hapo nyuma na wala hajawahi kulala ndani ya hiyo nyumba.

"Wale nitakaotuma kutoka Nairobi wape tu ufunguo," Aron alimwagiza. "Lakini hawa wa hapa hapa, mama, wachunguze. Mtu ana kwao Litein au Bomet, huku anatafuta kulala ya nini? Atanigeuzia nyumba kuwa baa. Na usimpe mtu maziwa kabla hujamaliza kumuuliza. Nakujua wewe."

Alimjua kweli. Kwa Wakipsigis, mtu akishaonja mursik yako, yale maziwa ya kibuyu yenye masizi ya mti, huwezi tena kumwambia ondoka. Ameshakuwa mgeni wako, atakaa mpaka achoke mwenyewe.

Basi Chepkemboi akafuata amri. Maswali kwanza, langoni. Wewe ni wa wapi, mtoto wa nani, utakuwa na nani, kwenu wanajua uko huku? Aliyepita alipewa ufunguo. Na aliyefeli je? Utamrudishaje mtu na njaa yake jamani? Huyo aliletwa jikoni, akamiminiwa mursik, akawekewa ugali, wakapiga stori mpaka gari lake likaja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Aliyepita aliingia nyumba kubwa, akafunga mlango, akavuta pazia, na Chepkemboi hakumwona tena mpaka saa ya kurudisha ufunguo. Aliyefeli ndiye aliyeketi naye. Haikupita muda mama wa watu akaanza kuwafelisha aliowapenda. Mwenye kicheko, feli. Aliyemfahamu marehemu mumewe, feli kabisa! Lakini yule mtu wa bima kutoka Kericho, mwenye maringo, asiyejua hata kuitikia salamu, na yule "binamu" yake mwenye mdomo mwekundu, hao walipewa ufunguo chap chap. Usimcheke. Kaa wewe na redio peke yake mwaka mzima, tuone utawafanyia watu nini.

Jumamosi moja mchana, akaja Joan. Msichana mwembamba, sweta la kijani, kikapu mkononi. Alisalimu kwa mikono miwili.

"Natoka Sigor, mama, mbele ya Bomet. Nimeambiwa kuna nyumba."

"Utalala na nani?"

Joan aliinamisha macho. "Mume wangu, Kiptum. Anafanya kazi hapo kiwanda cha chai, anatoka jioni. Kule kiwandani wanalala wanaume wanne chumba kimoja. Na nyumbani tuko na mama mkwe, ukuta ni wa mabati tu." Akacheka, akajiziba mdomo. "Tulioana Desemba, mama. Hatujawahi kuwa peke yetu hata siku moja."

Chepkemboi alijua ni kweli. Ukweli wa namna hiyo hauhitaji shahidi. Na alimpenda pale pale, kwa kile kicheko. Nyumba ilikuwa tupu, mashuka yamepigwa pasi, ufunguo uko mfukoni mwa aproni.

"Siwezi," akasema. "Mwenye nyumba amekataza. Kila mwanamke husema mume wangu anakuja. Lakini karibu jikoni, unywe maziwa."

Joan akaingia. Alikunywa. Kisha, bila kuambiwa, akachukua kisu akaanza kumenya viazi, huku akimwiga mama mkwe wake anavyokohoa kila akisikia kitanda kikilia. Chepkemboi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu amzike mumewe hakuwa amecheka hivyo. Ee Mungu, alijiambia, kumbe kicheko bado kimo!

Gari la mwisho la Bomet likapiga honi kule barabarani. Joan akanawa mikono haraka.

"Si ungoje mume wako?"

"Nimngoje tulale wapi, mama? Na bawabu wa kiwanda haniruhusu ndani. Akikuja, mwambie nilijaribu."

Alisimama mlangoni, kikapu mkononi. Chepkemboi alitia mkono mfukoni akaushika ufunguo. Angesema nini? Kwamba nyumba haina mtu, kwamba amemdanganya mtoto wa watu ili amenye naye viazi? Aibu ikamfanya autoe mkono mtupu. Joan akamkumbatia, akamshukuru kwa maziwa, akakimbia.

Kiptum alifika jioni, nywele bado zina vumbi la chai, shati limenyooshwa, mkate na soda mbili kwenye karatasi.

"Mama, bibi yangu amefika?"

"Amerudi Sigor."

"Amerudi?" Akaitazama ile nyumba, madirisha yake yote, mapazia yakiwa wazi. Hakuna nguo kwenye kamba, hakuna gari uani. "Kulikuwa na watu?"

"Hakukuwa na mtu. Nilimkatalia mimi, mwanangu. Nilitaka akae na mimi. Niko peke yangu sana hapa."

Kijana hakugomba. Heri angegomba. Alihamisha ile karatasi ya mkate kutoka mkono huu hadi ule.

"Nitapata off tena mwezi ujao," alisema, kama anayejiambia.

Chepkemboi akatoa ufunguo, akamsukumia mkononi kwa nguvu. "Shika. Ingia ulale, sitaki kitu. Kuna kitanda kikubwa, kuna maji ya moto. Nitakuletea maziwa."

Kiptum aliutazama ufunguo, akaurudisha polepole juu ya kiganja cha yule mama.

"Nilale na nani, mama?"