Tonge la Mwalimu wa Fizikia

Mwalimu wa fizikia hali ugali kama watu wengine. Mzee Mwololo, jirani yake hapo Kitengela, amemwona miaka yote: kabla tonge lifike mdomoni, ni lazima alizungushe kiganjani mpaka liwe duara kabisa, aligeuzegeuze, huku mboga zikipoa. Vidole vina chaki hata Jumapili, na sauti yake ni ya chini, mpaka umwinamie ndipo umsikie.

Jioni moja mwaka wa tisini na nane alikuja kumtetea mwanafunzi wake Ndanu, kwa sababu mzee alikuwa ameamua binti yake huyo aache fizikia, ati haina kazi Kajiado. Akapakuliwa chakula kwanza, vile inavyofaa, na basi tonge likashikwa.

"Ndanu, tuseme hii ni jua dogo. Wanasayansi wanaipiga na miale ya leza pande zote, ijikaze mpaka ndani iwake. Lakini mwale mmoja ukizidi..." Akabonyeza na kidole gumba, pakabonyea, ugali ukafura katikati ya vidole vingine. "Kasoro ndogo inakua vile inakazwa. Inavurugika kabla iwake."

"Sasa wanafanya aje?"

"Wanajaribu kusawazisha miale. Bado hawajaweza!" akasema, akicheka kama aliyepewa mbuzi.

Alikumbuka akiwa mlangoni, viatu ameshavaa. "Ai, mzee! Sijasema kilichonileta."

"Nakijua," mzee akasema, akimtazama binti yake, ambaye alikuwa bado anabonyeza tonge lake. "Lakini mwalimu, kesho huko darasani umfundishe na udongo. Ugali ni wa kula."