Funza wa Martina

Naungama mwenyewe, sijasukumwa na mtu. Niliishia darasa la tatu, lakini shamba hili la Karatu, nyumba ya bati na ada ya binti yangu Martina, vyote vimetoka kwenye jembe langu.

Martina alikuja likizo kutoka chuo cha kilimo. Chumbani kwake nikakuta chupa sita, ndani yake vipande vya mabua ya mahindi na funza walionona. Roho iliniuma. Binti yangu analala na wadudu! Alipokwenda mnadani nikawamwagia kuku funza wote, nikaziosha chupa kwa sabuni, nikazipanga dirishani zinametameta.

Aliporudi alisimama mlangoni. "Baba, funza wangu wako wapi?"

"Nimekusafishia, mama. Kuku wameshukuru sana."

Akakaa kitandani. Akanieleza polepole kwamba chuoni wana mahindi ya majaribio, yametiwa protini ndani ya mmea wenyewe. Funza akitafuna tu, utumbo unaharibika, anakufa. Walihitaji funza hai wa kuyajaribia. Basi lake lilikuwa kesho alfajiri, na kazi yake ya mwaka mzima ilitegemea zile chupa.

Machozi yakamlenga. Nikachukua panga.

"Usilie. Twende kwa jirani Tluway, yule mvivu. Shambani kwake wamejaa tele."

Hakuinuka. Alinishika mkono.

"Baba, kwa Mzee Tluway nilitafuta siku nzima, sikupata hata mmoja. Wale wote niliwatoa shambani kwako. Sikutaka ujue."