Treni ya Mzee Hemedi na Haya Zake

Treni ya Mzee Hemedi wa Rahaleo, Mtwara, ilikuwa haina ubaya wowote mpaka aje mtu.

Asubuhi, mkewe Mwaisha akiwa sokoni na binti yao Rukia akiwa kazini, ilikuwa ikitoka stesheni ya Mtwara kwa adabu, ikapita Mikindani, ikazunguka mlima wa magazeti uliopakwa rangi ya kijani, ikaingia Msimbati. Hapo ilipunguza mwendo kidogo kama mtu anayefuta jasho, kisha ikarudi Mtwara ilikotoka. Safari yote hiyo ilifanyika juu ya meza pana iliyomeza nusu ya sebule. Mzee alisimama pembeni na msuli wake wa kushindia, miwani puani, mikono nyuma, mkuu wa reli nzima.

Sasa aje mgeni. Mgeni avue viatu, akaribishwe, nyumba ifukizwe udi, kahawa imiminwe, aambiwe, "Tulia uone maajabu." Treni itatoka Mtwara vizuri, itapita Mikindani vizuri, itaingia Msimbati, na hapo taa nyekundu itawaka na treni italala. Utaibembeleza. Utaisukuma kwa kidole. Haitoki.

"Mzee Hemedi, treni yako ina haya," alisema Josephu, jirani yake, mwalimu mstaafu kutoka Songea, mtu wa kitambi na kicheko. "Iko kama mwali. Ikiona wanaume inajifunika ushungi."

"Si haya. Kuna mahali risasi ya kulehemu haijashika."

"Ulisema hivyo kabla ya Ramadhani."

"Kabla ya Ramadhani ilikuwa mahali pengine."

Hemedi alikuwa fundi umeme bandarini maisha yake yote ya kazi. Winchi zikigoma, aliitwa yeye. Alipostaafu wenzake walimpa saa ya ukutani, na saa ile ikamtesa, maana hakuwa na pa kuwahi. Ndipo siku moja, kwenye robota la mitumba, akaona kichwa cha treni ya kuchezea kimelala kati ya sweta za watoto. Alikigeuza, akakinusa, akarudi nacho nyumbani amekikumbatia kama amemwokota mtoto wa paka.

Baba yake alikuwa mshika bendera kwenye reli ya zamani ya mashamba ya karanga, ile iliyong'olewa miaka ya sitini hata mataruma yakaishia kuwa nguzo za mabanda. Hemedi hudai anaikumbuka ikipita.

"Ulikuwa unanyonya," Mwaisha humwambia.

"Nilikuwa nanyonya nikiangalia dirishani."

Reli ile haikufika Msimbati hata siku moja. Ila Mwaisha kwao ni Msimbati. Walipooana, barabara ya kwenda huko ilikuwa mchanga mtupu, gari linazama mpaka tumboni, na bibi harusi alishuka kusukuma akiwa na hina mbichi mikononi. Bwana harusi, kwa aibu na mapenzi, akamwambia, "Iko siku nitakupeleka kwenu kwa treni." Mwaisha alicheka, wakaendelea kusukuma. Hemedi aliamini mkewe amekwisha kusahau. Alipojenga stesheni ya Msimbati, yenye paa la makuti halisi na mnazi wa waya, alipoulizwa sababu alijibu tu kwamba meza ilihitaji kituo upande ule.

"Kwetu hakujapita treni," Mwaisha alisema.

"Sasa inapita."

"Inapita? Si naiona imelala pale pale!"

Kila kitu kilichoiendesha treni ile Hemedi alikitengeneza mwenyewe. Umeme ulitoka kwenye betri ya pikipiki. Bodi za kuuongoza alizichora juu ya vibao vyenye ngozi ya shaba, na kwa kuwa njia za umeme lazima zichorwe kwa kitu kisichoyeyuka, alichukua rangi ya kucha ya Rukia. Kibao kikatumbukizwa kwenye dawa inayokula shaba; shaba yote ikaliwa, isipokuwa ile iliyojificha chini ya rangi. Kazi nzuri mno. Bahati mbaya aliifanyia kwenye bakuli la Mwaisha la uji, likageuka rangi ya kutu, na mpaka leo likitajwa bakuli lile nyumbani kwake watu hunyamaza.

Bodi ya Msimbati ndiyo aliyojivunia kuliko zote. Mbele kidogo ya stesheni, kule treni inakoelekea, aliweka jicho dogo jeusi, kama mbegu ya papai, linalotazama upande wa pili wa reli. Jicho hilo hurusha mwanga usioonekana na mtu. Treni ikiwa mbele yake, mwanga hugonga ubavu wa treni na kurudi; jicho likiuona umerudi, bodi huwasha taa nyekundu na kuikatia umeme treni ya nyuma iliyoko stesheni, zisije zikagongana.

"Una treni ngapi?" Josephu aliuliza siku alipoelezwa.

"Moja."

"Na unaizuia isigongane na nani?"

"Bandarini, mwalimu, tulifundishwa usalama kwanza."

"Ndugu yangu, una treni moja na bado ina foleni!"

Mambo yangeendelea hivyo kwa utani, lakini Rukia alipata mchumba, kijana Mustafa wa Mikindani, na ikaja habari kwamba wazee wa kiume na wa kike watafika Jumapili alasiri kuleta posa. Mwaisha alisimama katikati ya sebule, akaitazama meza.

"Baba Rukia, wageni watakaa wapi? Juu ya mlima?"

"Watakaa mkekani, halafu wataona treni. Ni heshima kwa mgeni kuonyeshwa kitu."

"Kuonyeshwa kitu kimekufa?" Mwaisha alishika kiuno. "Nisikilize, mume wangu. Nimekuvumilia bakuli, nimekuvumilia moshi wa risasi. Jumapili treni yako ikizunguka mbele ya wageni, meza inabaki hapa mpaka siku ya kufa kwetu. Ikigoma ikanitia aibu, Jumatatu inahamia bandani kwa kuku."

Hemedi alichungulia uani. Alilijua banda lile: vumbi la pumba, chumvi ya bahari, na jogoo mmoja mkorofi anayedonoa kila kinachong'aa. Bodi isingemaliza wiki.

Akaanza kuusaka ugonjwa. Alipima betri kwa mita, nzima. Alivuta kila waya, umeshika. Aliipasha moto upya kila nukta ya risasi, akaisugua bodi kwa mswaki na spiriti kuondoa chumvi ya upepo. Akabadilisha jicho. Mwisho akatengeneza bodi nyingine kabisa, safari hii kwa rangi ya kucha ya zambarau, maana nyekundu Rukia alikuwa ameificha. Treni ikazunguka asubuhi nzima. Jioni akaja Josephu, nyumba ikafukizwa udi, kahawa ikaja, treni ikalala.

"Hata bodi mpya?" Josephu alishangaa.

Hemedi alimtazama jirani yake kwa macho mapya. "Mwalimu, una uzito gani?"

"Haikuhusu."

"Ukikaa pale, sakafu inabonyea, meza inainama, waya unaachia. Kesho njoo asubuhi usimame nje, uchungulie dirishani."

Josephu alikuja, akasimama kwenye kichaka cha mlangilangi, akachungulia. Mwaisha alikuwa sokoni. Treni ikazunguka, ikazunguka tena, ikamfurahisha mpaka akapiga makofi.

"Umeona?" Hemedi alinyoosha kidole kwa ushindi. "Ni uzito!"

Ili kuhakikisha, waliburuta mfuko wa saruji mpaka sebuleni, wakauketisha pale pale Josephu anapokaaga, wakauegemeza mto. Treni ikazunguka bila wasiwasi.

Wazee wawili wakautazama mfuko.

"Basi si uzito," Hemedi alisema polepole. "Ni wewe."

"Yaani treni inaupenda mfuko wa saruji kuliko mimi?"

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Jumapili usije."

Josephu alinuna mpaka Jumamosi. Mwaisha aliporudi akakuta saruji imeegemea mto wake wa hariri, na mambo aliyoyasema hayafai kuandikwa.

Jumapili wageni walifika. Mzee Waziri, baba mkubwa wa Mustafa, mrefu, mwenye sauti ya kusomea khutba, alitangulia. Nyuma yake Bi Subira, shangazi, amevaa buibui jipya lililonyooka. Nyumba ilinukia toka barazani: Mwaisha alikuwa ametoa udi wake mzuri, ule wa kuficha, na chetezo alikiweka juu ya stuli karibu na meza, mahali pake pa siku zote, makaa yamewiva mekundu. Rukia alikuwa nyuma ya pazia akijifanya hayupo.

Maneno ya posa yalisemwa kwa utaratibu wake, yakajibiwa kwa utaratibu wake. Yalipokwisha, Mzee Waziri akageuza shingo.

"Na hii hapa, mzee mwenzangu, ni nini?"

Hemedi alimtazama mkewe. Mwaisha alimtazama mumewe. Uani, jogoo akawika.

"Bismillahi," Hemedi alisema, akabonyeza swichi.

Treni ikatoka Mtwara. Bi Subira akasema "Yallah!" Ikapita Mikindani, wageni wakaitambua kwao wakacheka. Ikazunguka mlima. Ikaingia Msimbati. Taa nyekundu. Ikalala.

"Imeharibika?" aliuliza Mzee Waziri.

"Hapana. Inapisha treni nyingine."

"Iko wapi hiyo nyingine?"

"Bado sijainunua."

Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya mtu anayeuma kanga asicheke. Mwaisha hakucheka. Kwa aibu, ili mikono ipate kazi, alikiinua chetezo akaenda kumfukiza Bi Subira buibui.

Taa ikageuka kijani. Treni ikaondoka.

Treni ikamaliza mzunguko, Mwaisha akarudisha chetezo kwenye stuli, treni ikaingia Msimbati, nyekundu, ikalala. Hemedi akayatazama makaa. Akalitazama jicho, lile jeusi kama mbegu ya papai, lililokuwa likiiona na stuli kwa pembeni. Jicho lile halijui rangi wala sura; linachojua ni mwanga usioonekana, na makaa mekundu yanautoa tele. Kwake yeye, chetezo cha Mwaisha kilikuwa treni iliyosimama njiani na taa zake zote zimewaka. Kila mgeni aliyeingia nyumba hii aliingia pamoja na udi. Isipokuwa Josephu dirishani, Mwaisha akiwa sokoni. Isipokuwa mfuko wa saruji.

Alifungua mdomo aseme, "Mama Rukia, toa chetezo." Akaufunga. Utawaambiaje watu wa posa kwamba unawaondolea udi? Ni sawa na kuwaonyesha mlango. Mikindani nzima ingesikia kabla ya magharibi, na Rukia angezeekea nyuma ya pazia lile. Aliwaza kuku. Aliwaza tena. Kisha akakohoa.

"Mama Rukia, mbona Mzee Waziri hujamfukiza?"

Mwaisha alishangaa, lakini akakibeba chetezo. Kijani. Treni ikaenda, Mzee Waziri akanyoosha mikono ya kanzu. Chetezo kikarudi. Nyekundu.

"Na Bi Subira tena."

"Nimeshamfukiza, Baba Rukia."

"Mgongoni bado."

"Mwacheni anifukize," alisema Bi Subira, amefumba macho kwa raha. "Tangu nizaliwe sijapokewa hivi."

Kijani. Mwaisha, ambaye hakuwahi kuwa mjinga, alisimama katikati ya sebule na chetezo mkononi. Akakisogeza mbele ya Msimbati. Nyekundu. Akakificha nyuma ya mgongo wake. Kijani. Mbele. Nyuma. Akamgeukia mumewe, na usoni mwake likapita jambo ambalo Hemedi hakuliona tangu siku ile ya gari na hina.

"Mzee Waziri," alisema kwa sauti ya mwenye mji, "unapenda ikae au iondoke?"

"Iondoke!"

Ikaondoka.

"Isimame!" alidakia Bi Subira.

Ikasimama.

"Lahaula! Kumbe mwenye treni ni yeye?" Mzee Waziri aliuliza.

"Ni yeye," alijibu Hemedi. "Mimi nalehemu tu."

Wageni hawakuondoka mpaka makaa yalipokufa. Posa ilikubaliwa, na Mzee Waziri aliomba siku ya harusi treni iwepo.

Usiku ulipoingia, Mwaisha alimkuta mumewe amepiga magoti chini ya meza na bisibisi, anafungua mguu.

"Unafanya nini?"

"Makubaliano ni makubaliano. Imegoma mbele ya wageni."

"Haikugoma. Niliisimamisha. Kaza huo mguu."

Asubuhi Hemedi alikata kipande cha bomba la kalamu, cheusi ndani na nje, kinachotosha kulivaa jicho kama kofia lisiyaone makaa ya pembeni. Ilikuwa dawa rahisi kuliko zote alizozijaribu. Alikuwa amekishika kwa kibano, gundi tayari, Mwaisha alipotokea.

"Ni nini hicho?"

"Dawa yake. Treni haitalala tena kwenu."

Mwaisha alivuta stuli akaketi mbele ya stesheni ya makuti, akauweka sawa ule mnazi wa waya kwa ncha ya kidole.

"Uliniahidi kunipeleka kwetu kwa treni," alisema. "Nami nikifika kwetu huwa sina haraka ya kuondoka. Iache hivyo hivyo, Hemedi."

Ni nadra sana Mwaisha kumwita mumewe kwa jina. Mzee akakitazama kile kipande cha bomba, akakitia mfukoni.

Nje ikasikika hodi, na kicheko cha mtu aliyechoka kununa. "Nasikia jana imetembea mbele ya watu! Naruhusiwa kuingia, au bado mnaungoja mfuko wa saruji?"

"Karibu, mwalimu," Mwaisha alijibu, akainuka kwenda jikoni kuchukua makaa.