Mizunguko Kumi na Sita

Siku yangu ya kwanza kazini katika bendi ya dansi, Shinyanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifika na daftari. Gitaa la besi nilijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza redio, na kila nilichosikia nilikiandika. Bendi ile ilichanganya rumba, ngoma za Kisukuma na hata taarabu, na sifa yake ilikuwa kwamba wimbo haukupigwa mara mbili kwa namna moja. Mimi niliona huo ni ukosefu wa utaratibu.

Kila wimbo ulikuwa na sehemu mbili: kuimba, kisha sebene, yaani magitaa yanapoachiwa yakimbie na watu wacheze. Mazoezini nilihesabu mizunguko kumi na sita ya sebene. Basi katika onyesho langu la kwanza, ilipotimia kumi na sita, nikanyamaza. Peke yangu. Wachezaji wakabaki mguu mmoja juu.

"Wewe mwalimu," aliniuliza kiongozi wa bendi, aliyepiga gitaa la solo, "nani kakwambia watu wamechoka?"

"Mizunguko imekwisha, mzee."

"Imekwisha wapi? Daftarini?" Mpiga tumba alicheka hadi akashika nguzo. Kiongozi hakucheka. "Nakupa hadi tutakapopiga Runzewe. Ukihesabu tena, rudi ukapime vitambaa."

Nafasi yangu katika duka la vitambaa ilikwishachukuliwa. Nikaamua kujifunza kutohesabu, kwa utaratibu uleule niliojifunzia besi: kila onyesho nichague mchezaji mmoja, nipige nikitazama miguu yake tu. Kishapu nilishindwa. Kahama nilikaribia, ila mpiga tumba aliniinamia: "Midomo inacheza, mwalimu. Unasali?"

Runzewe tulipiga mchana, siku ya mnada. Kwa desturi ya Wasukuma, ngoma mbili hupangwa zikabiliane, zipigwe wakati mmoja, na inayopendeza ndiyo inayochukua watu. Waliotukabili walikuwa wakulima wanaocheza na majembe. Hata wachimbaji wa dhahabu, matope yakiwa bado kwenye buti zao, walitugeuzia mgongo.

"Mwalimu!" kiongozi alipiga kelele. "Wanatuacha!"

Katikati ya ngoma mbili alisimama mama mmoja, kuku kwapani. Miguu yake ilifuata majembe. Nikaiacha rumba. Kila jembe lilipogonga ardhi, niliweka noti nzito ya besi chini ya mlio wake. Tumba likanifuata, kisha solo. Yule mama akatugeukia, kuku na yote. Watu wakaja nyuma yake, mwishowe na wakulima wenyewe, wakiendelea kurusha majembe, hadi kiongozi akarudi nyuma kuokoa kichwa chake.

Tulipomaliza aliniuliza, "Mizunguko mingapi?"

"Sijui, mzee."

"Marahaba," akajibu, ingawa sikuwa nimemwamkia. Nilibaki katika bendi ile hadi nilipostaafu.

Sasa vidole vimekakamaa. Vijana wanaokuja kujifunza nawapa daftari lile, walisome lote na kulipiga lote, kwa maana asiyeujua wimbo hana cha kuacha. Wakilimaliza nalichukua, nalifungia kabatini, kisha nawapeleka gulioni wakatafute miguu ya kutazama.